Kutoka Cheche hadi Pampu: Bosch na Meza ya Mwanagenzi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu wa vyuo vya ufundi, wanafunzi, na ninyi mafundi mliofunga gereji mchana huu ili kuja kusikiliza, nawashukuru. Nimeombwa nizungumzie historia ya kiwanda kimoja cha vipuri vya magari, nami nimechagua Bosch cha Stuttgart, Ujerumani, kwa sababu sidhani kama yupo fundi humu ambaye hajawahi kushika kitu kilichotoka katika kiwanda hicho au kilichotengenezwa mahali pengine kwa leseni yake. Wanaonifahamu wanajua tayari ninakoelekea, maana hoja hii nimeibeba katika vikao vingi na nitaendelea kuibeba hadi mitaala yetu ibadilike. Kipuri ni maarifa yaliyotiwa katika chuma na shaba, na nchi inayokiona kipuri kuwa bidhaa ya dukani tu, ya kununua, kufunga na kutupa, itaendelea kununua miaka yote.

Sitaeleza mipigo minne ya injini, kwa sababu mnaijua. Naanza na tarehe 15 Novemba 1886, siku ambayo Robert Bosch, kijana wa miaka 25, alifungua karakana yake ya vifaa vidogo na umeme katika jengo la uani mjini Stuttgart, akiwa na fundi mmoja na kijana wa kutumwa. Mtaji wake ulikuwa marki 10,000 za urithi kutoka kwa baba yake. Alikuwa ameshafanya kazi New York katika karakana za Edison na London kwa Siemens, lakini aliporudi kwao hakuwa na bidhaa hata moja aliyoweza kuiita yake. Alifunga simu na kengele za umeme, akatengeneza kila alicholetewa, na kwa miaka kadhaa biashara ilipanda na kushuka kiasi cha kumkosesha usingizi. Nataka wanafunzi waikumbuke hali hiyo kila wanapoambiwa kwamba uvumbuzi huanzia katika jengo kubwa la utafiti lenye viyoyozi.

Mwaka 1887 mjenzi mmoja wa mashine alimwomba amtengenezee kifaa cha kuwashia injini, yaani ile injini iliyokaa mahali pamoja ikizungusha mashine za karakana, kama kile kilichokuwa kwenye injini za kiwanda cha Deutz. Bosch alikwenda mji wa Schorndorf, ambako palikuwa na injini ya namna hiyo, akakitazama kifaa kikifanya kazi, akafuatilia kama kina hataza, yaani hati inayolinda haki ya mvumbuzi, na alipoona hakuna hataza iliyomzuia, akakiunda upya kwa namna yake, akitumia sumaku zilizopindwa mfano wa kwato. Hicho ndicho kifaa tunachokiita magineto. Ndani yake mna sumaku za kudumu, na kati ya sumaku hizo mna amecha, yaani kiini cha chuma kilichoviringishwa waya wa shaba. Amecha ikicheza katika uga wa sumaku, umeme unazaliwa papo hapo, bila betri, na umeme huo ukikatwa ghafla ndani ya silinda, cheche inaruka na mchanganyiko wa hewa na petroli unawaka.

Hapa kila ninapozungumza huinuka mtu akasema, mwalimu, huyo hakuvumbua, huyo alinakili. Swali hilo nalijibu kwa kirefu kila mara, kwa sababu ndani yake mna kosa linalotugharimu. Bosch hakudai kwamba magineto ni wazo lake. Alichofanya ni kukifungua kifaa cha mwingine, kuelewa kila sehemu inafanya nini na kwa nini iko pale, kuhakikisha hamdhulumu mtu hataza yake, kisha kukitengeneza kikiwa imara zaidi kuliko alivyokikuta. Hiyo ndiyo njia ambayo karibu kila taifa lenye viwanda limepitia. Anayenakili umbo tu, bila kujua kwa nini chuma hiki ni kigumu na kile ni laini, atatoa kitu kinachofanana na kile cha kwanza na kinachokufa baada ya mwezi mmoja, lakini anayenakili baada ya kuelewa ameshaanza kuvumbua, kwa sababu siku mteja atakapokuja na shida mpya, atajua pa kuanzia.

Na mwingine husema kwamba Ujerumani ni Ujerumani, wenzetu walizaliwa na usahihi mikononi. Naomba tuache maneno hayo. Mwaka huohuo wa 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyolazimisha bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka, na sababu kubwa ilikuwa malalamiko kwamba bidhaa za Kijerumani ni hafifu na zinajifanya za Kiingereza. Alama ya nchi ya Ujerumani ilikuwa onyo kwa mnunuzi. Usahihi ulikuja kwa kufundishwa na kwa kudaiwa, kizazi baada ya kizazi, na walioudai walikuwa watu wenye majina kama tutakavyoona.

Turudi kwenye magineto, kwa maana hapo ndipo penye somo lenyewe. Kwa miaka kumi Bosch aliuza vifaa vyake kwa injini zisizotembea, na kufikia mwaka 1896 alikuwa ametengeneza magineto 1,000 tu. Magari yalikuwa yamekwisha kuonekana barabarani, lakini uwashaji ulikuwa unawatesa watengenezaji, hata Carl Benz akaliita suala hilo tatizo la matatizo. Daimler alitumia kimrija kilichopashwa moto kwa mwale wazi wa kichomeo, nanyi mnaweza kufikiria hatari ya mwale wazi karibu na petroli, katika chombo kinachotikisika. Benz alitumia koili na betri, na betri za wakati ule ziliisha upesi mno, dereva akabaki njiani. Magineto ingeweza kuwaondolea wote adha hiyo, ila ilikuwa na kasoro moja kubwa. Amecha ilikuwa nzito, na ilikuwa ikibembea kwenda na kurudi, kwa hiyo haikuweza kutoa cheche kwa kasi iliyohitajika na injini ya gari.

Mwaka 1897 Frederick Simms, mfanyabiashara wa London aliyekuwa na uhusiano wa karibu na kampuni ya Daimler, alileta Stuttgart baiskeli ya magurudumu matatu ya De Dion-Bouton, yenye injini ndogo iliyozunguka hadi mara 1,800 kwa dakika, akataka ifungwe magineto. Injini zilizokuwa zikitumia magineto ya Bosch zilizunguka polepole mno zikilinganishwa na hiyo. Aliyefumbua fumbo alikuwa Arnold Zähringer, msimamizi wa karakana. Zähringer alitazama kitu ambacho wote walikuwa wanakitazama, akajiuliza kwa nini kinachobembea kiwe ile amecha nzito yenye waya wote wa shaba. Akaiacha amecha itulie, akaweka kati yake na sumaku bomba jepesi la chuma lililokatwa pande, akalifanya bomba hilo ndilo litembee. Bomba likipita, njia ya nguvu za sumaku inabadilika, na umeme unazaliwa kana kwamba amecha yenyewe imezunguka. Uzito uliosumbua ukatoweka, na baiskeli ile ikaenda kwa mizunguko yake yote.

Nawaomba walimu mlitafakari jambo hilo kwa utulivu. Hapakuongezwa sumaku yenye nguvu zaidi wala chuma cha bei ghali. Palibadilishwa swali. Badala ya kuuliza namna ya kuiharakisha amecha, Zähringer aliuliza kama ni lazima amecha itembee, na mtu hawezi kuuliza hivyo kama hajui kwamba umeme unatokana na mabadiliko ya uga wa sumaku ndani ya waya. Fundi aliyefundishwa kwamba magineto hutoa umeme kwa sababu inazunguka, basi, hawezi kufika pale. Aliyefundishwa kwa nini kuzunguka kunaleta umeme anaweza. Tofauti ya mafundisho hayo mawili ni dakika chache za ubaoni, nasi tunawanyima vijana wetu dakika hizo kwa kisingizio kwamba wao ni watu wa mikono.

Kilichofuata kinaniunga mkono zaidi. Magineto ya Zähringer bado ilihitaji pointi zilizofunguka na kufunga ndani ya silinda, katika moto wenyewe, zikisukumwa na vijiti vilivyolika na kulegea. Bosch alitaka vijiti hivyo viondoke. Kazi hiyo alimpa Gottlob Honold, mtu aliyeingia katika karakana hiyohiyo mwaka 1891 akiwa mwanagenzi, akaenda kusoma uhandisi, kisha mwaka 1901 akarudi akiwa mhandisi. Honold aliviringisha juu ya amecha waya wa aina mbili, mizunguko michache ya waya mnene na mizunguko mingi mno ya waya mwembamba, akaongeza pointi za kukata umeme nje ya silinda pamoja na kondensa, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, hata volteji ikapanda kiasi cha kuruka yenyewe katika pengo dogo lisilo na kitu kinachotembea. Pengo hilo ndilo plagi. Mwaka 1902 hataza ya mfumo huo ilikuwa imepatikana, na Daimler wakawa miongoni mwa wateja wa kwanza. Mwaka 1903 Camille Jenatzy alishinda mbio za Gordon Bennett nchini Ireland akiendesha Mercedes yenye magineto ya Bosch, na baada ya hapo hakukuwa na haja ya kumshawishi mtu.

Mtu aliyebuni mfumo wa plagi tunaoufunga na kuufungua kila siku alianza akiwa mwanagenzi anayefagia vyuma chini ya meza ya kazi. Hakuwa mgeni aliyeletwa kutoka mbali, na kiwanda kilikuwa kimeshamwona, kimemfundisha, kimemwachia aende kusoma na kumpokea tena. Mtazame pia ile nembo iliyo kwenye boksi la plagi au la nozeli, duara lenye umbo ndani yake. Wengi hudhani ni pambo, na kumbe ni amecha ya magineto ikiwa ndani ya duara, na aliyeichora mwaka 1918 ni Honold huyohuyo.

Mnisamehe nikikaa zaidi juu ya wanagenzi, maana ndio sababu ya mimi kusimama hapa. Robert Bosch mwenyewe alijifunza ufundi mjini Ulm kwa bwana ambaye hakujishughulisha sana kumfundisha, na jambo hilo lilimkera maisha yake yote. Alipokuwa na uwezo, mwaka 1913, alianzisha idara maalumu ya wanagenzi ndani ya kiwanda, wakifundishwa katika karakana yao badala ya kuachwa waokoteze maarifa miguuni mwa mafundi wenye haraka. Kabla ya hapo, mwaka 1906, kiwanda kilipofikisha magineto 100,000, alileta siku ya kazi ya saa nane, wakati wafanyakazi wengi wa Ujerumani walikuwa wakifanya kazi saa kumi na zaidi. Kuna wanaosema hiyo ilikuwa huruma. Alikuwa na imani zake za kijamii, sikatai, lakini alikuwa pia mfanyabiashara aliyejua kwamba fundi anayepima kwa sehemu za mia za milimita hawezi kupima sawasawa akiwa amechoka hoi, na kwamba zamu mbili za saa nane hutumia mashine vizuri kuliko zamu moja ndefu. Mwaka 1910 alikitolea chuo kikuu cha ufundi cha Stuttgart marki milioni moja. Nimesahihisha mitihani ambayo mwanafunzi anapata alama zote kwa kuorodhesha majina ya vipuri na hatua za kuvibadilisha, bila swali hata moja la kwa nini kipuri kile kiliharibika, na kila mwaka nauliza nani alikubali mtihani wa namna hiyo, na kila mwaka sijibiwi.

Naharakisha. Mwaka 1913, asilimia 88 ya mauzo ya Bosch ilikuwa nje ya Ujerumani, na kampuni ilikuwa na kiwanda Springfield, Massachusetts. Mwaka huo ilitoa mfumo wa taa wenye jenereta, mwaka uliofuata stata, kisha honi mwaka 1921 na waipa mwaka 1926. Vita Kuu ya Kwanza ilifuta sehemu kubwa ya mafanikio hayo, mali zake zilizokuwa Marekani zikataifishwa na kuuzwa, na baada ya vita kampuni ikajikuta ikishindana sokoni na jina lake yenyewe mikononi mwa wengine. Waipa na honi nazipita, ingawa kila moja ina kisa chake.

Dizeli siipiti. Injini ya Rudolf Diesel ya awali ilipulizia mafuta kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa, na kompresa hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba injini ilifaa meli na viwanda na haikufaa lori. Mwishoni mwa 1922 Bosch iliamua kutengeneza pampu itakayosukuma mafuta yenyewe, na uzalishaji kwa wingi ukaanza mwaka 1927. Mafundi pampu mliomo humu mnajua ninachosema nikitaja plenja, kile kijiti cha chuma kinachosukuma mafuta, na bareli yake, lile bomba ambamo kinapanda na kushuka. Plenja haina ringi wala sili. Kinachozuia mafuta yasivuje chini ya shinikizo la zaidi ya mara mia ya hewa ya kawaida ni ukaribu wa chuma na chuma, nafasi ya sehemu chache za elfu za milimita, kiasi kwamba plenja ya bareli hii haihamishiwi bareli nyingine, hata zikiwa zimetoka kiwandani siku moja. Ubavuni mwa plenja pamekatwa mfereji wa mshazari. Plenja inapanda kwa kimo kilekile daima, lakini ikigeuzwa kidogo na reki, ile fimbo ya kuigeuzia, ule mshazari unakutana na tundu la bareli mapema au kwa kuchelewa, na kiasi cha mafuta kinapungua au kuongezeka. Dereva anayekanyaga mafuta akipanda mlima anakigeuza kipande cha chuma kisichozidi unene wa kidole, na lori la tani nyingi linamtii. Mkiosha plenja kwa dizeli safi, mkiinua kwa vidole na kuiacha ishuke ndani ya bareli kwa uzito wake, mkaona inashuka polepole bila kukwama wala kuanguka, mmegusa kazi ya mikono iliyojifunza kupima.

Na uhusiano na sisi upo wazi. Kampuni ya Diesel Kiki ilianzishwa Japani mwaka 1939 ili kutengeneza pampu hizo kwa leseni ya Bosch, na mwaka 1953 Denso nayo ilitia saini makubaliano ya ushirikiano wa kiufundi na Bosch. Ndiyo maana fundi anayefungua pampu ya lori la Kijapani hapa kwetu anakuta mpangilio uleule wa Stuttgart. Wajapani walinunua leseni, wakasoma michoro, wakafundisha vijana wao, na baadaye wakawa washindani wa mwalimu wao. Hawakuishia kuwa mawakala wa kuuza.

Kuna sura ambayo siwezi kuiruka, hata kama muda ni mfupi, kwa sababu anayesifu kiwanda lazima aseme na hili. Wakati wa utawala wa Hitler, Bosch ilitengeneza vifaa vya kivita na kuwatumikisha kwa nguvu takriban watu 20,000, wakiwamo wafungwa wa kivita na wafungwa wa kambi za mateso. Wakati huohuo, wakuu wa kampuni walimwajiri na kumfadhili Carl Goerdeler, mpinzani wa Hitler aliyenyongwa mwaka 1945, na Hans Walz, aliyeongoza kampuni baada ya Robert Bosch kufariki mwaka 1942, alitambuliwa mwaka 1969 na Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, kwa kuwasaidia Wayahudi. Mambo yote mawili ni kweli, na la pili halilifuti la kwanza. Usahihi wa milimita haumfanyi mtu kuwa mwadilifu.

Yaliyobaki nayataja kwa kasi, ingawa nilikuwa nimeyaandalia michoro. Mwaka 1967 ulikuja mfumo wa kielektroniki wa kupulizia petroli, D-Jetronic, katika Volkswagen 1600. Mwaka 1976 ilikuja sensa ya oksijeni ya ekzosi, kwanza katika magari ya Volvo, na bila sensa hiyo mtungi wa kusafishia moshi usingefanya kazi yake vizuri. Breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasijifunge dereva anapokanyaga breki kwa nguvu, zilikuja mwaka 1978 katika Mercedes, baada ya hataza ya mwaka 1936 kusubiri zaidi ya miaka 40 hadi elektroniki ilipokomaa, na vijenzi vya kielektroniki vya kompyuta yake vikapunguzwa kutoka kama 1,000 katika toleo la majaribio hadi 140. Kwa wanaouliza pesa za kusubiri muda mrefu hivyo zinatoka wapi, zaidi ya asilimia 90 ya hisa za Bosch inamilikiwa na taasisi ya hisani yenye jina la mwanzilishi, kwa hiyo hakuna umati wa wanahisa unaodai faida kila robo ya mwaka. Jibu hilo lingehitaji mhadhara wake. Na kwa wanaodhani kwamba kampuni ya namna hiyo haipotoki, mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Stuttgart waliitoza Bosch faini ya euro milioni 90 kwa uzembe katika kashfa ya programu zilizodanganya vipimo vya moshi wa magari ya dizeli.

Katibu ananionyesha saa. Michoro ya ABS itabaki kwa walimu wanaoitaka. Hapa mezani nina plenja mbili na bareli zake, moja nzima na nyingine iliyolika kwa maji yaliyoingia katika dizeli. Kabla ya maswali, naomba wanafunzi wa mwaka wa kwanza watangulie, kila mmoja ashike zote mbili na aniambie ipi ni mbovu na amejuaje.